Siki, ndimu, bekingi soda, majivu: kipi kinafanya kazi kweli nyumbani na mwilini?

MamaWawili_Tegeta
Habarini wadau. Naomba leo tulinganishe kwa ukweli maana nimechoka na video za mtandaoni, kila mtu anachanganya siki na bekingi soda povu likipanda anasema ona maajabu. Juzi nimefungua kabati la chini ya sinki nikakuta chupa tisa, ya vioo, ya choo, ya vigae, ya jiko, nyingine hata sikumbuki nilinunua ya nini, na hela yote hiyo ingelipa mtungi wa gesi. Nimeamua zikiisha sinunui tena mpaka nijue cha jikoni kinatosha wapi na hakitoshi wapi.

Shida zangu ni hizi. Birika la umeme lina magamba meupe ndani maana maji yetu ni ya kisima na yana chumvi mpaka sabuni haitoi povu. Jiko la gesi lina mafuta yaliyogandia pembeni ya plate. Na binti yangu wa miaka 14 ameanza chunusi na kikwapa, ameona mahali anataka kupaka ndimu usoni kila usiku na bekingi soda kwapani. Ndani nina siki nyeupe, ndimu, bekingi soda, chumvi na mafuta ya nazi. Nani amejaribu nini na imekuwaje?

MwalimuWaKemia
Mama Wawili umeuliza vizuri, na mimi nafundisha hii kitu fomu two na fomu three kwa hiyo nivumilie nikirefusha kidogo. Usiangalie jina la kitu, angalia uchafu wako ni wa aina gani. Siki, ndimu na ukwaju ni asidi. Bekingi soda, magadi na majivu ni alkali. Chumvi na mchanga laini ni vya kusugulia tu. Basi.

Yale magamba ya birika ni chokaa iliyotoka kwenye maji ya kisima, na chokaa dawa yake ni asidi, hapo bekingi soda hata uweke kilo haitagusa kitu. Weka siki na maji nusu kwa nusu mpaka yafunike magamba, chemsha, zima, acha nusu saa au saa zima, mwaga, kisha chemsha maji matupu mara mbili umwage ndo upike chai. Mafuta ya jikoni ni kinyume chake, yanataka alkali. Bekingi soda changanya na maji kidogo iwe kama uji mzito, ongeza tone la sabuni ya vyombo, paka, acha dakika 15 hadi 20 ndo ufute.

Sasa lile povu la siki na bekingi soda. Likitoka ujue asidi na alkali zinauana zenyewe kwa zenyewe, kinachotoka ni hewa ya kaboni dayoksaidi na unachobaki nacho ni maji yenye chumvichumvi ambayo hayasafishi chochote cha maana. Umepoteza vitu viwili vizuri kwa wakati mmoja. Na tafadhali msichanganye mkafunga kwenye chupa mkaweka kabatini, ile hewa inajaa na chupa inapasuka. Kama sinki limeziba kwa mafuta tumia sabuni ya vyombo na maji ya moto mengi, ikishindikana chukua kile kimpira cha mpini cha kuzibulia.

Kingine, bekingi soda siyo bekingi poda. Poda imeshachanganywa na asidi na unga ndani yake, kwa usafi haina kazi.

Baharia_Msa
Mwalimu yuko sawa kabisa, na mie naongezea hapo kwa siki. Nyumba yetu ya zamani hapa Mombasa ina sakafu ya terazo, nikaambiwa siki yang'arisha, nikapiga deki na siki wiki tatu hivi. Sakafu ikapoteza ule mng'aro wote ikawa kama imepauka na haijarudi hadi leo. Terazo na mabo zina chokaa ndani, siki yala jiwe lenyewe. Kwa vigae vya kawaida sawa, japo ile saruji ya katikati nayo usiilowekee. Kwenye vioo ndo siki naipenda, vijiko viwili vitatu kwa glasi ya maji, gazeti kavu, kwisha.

NjombeBaridi
Mbona majivu mnayapitia haraka hivyo jamani, mimi nimekulia kwenye majivu na sufuria za mama zinang'aa mpaka leo. Majivu ya kuni yaliyochekechwa ukiyaloweka kidogo na ukachukua dodoki kuukuu, yanakwangua na palepale yanakata mafuta, hakuna stilwaya inayoyafikia kwa masizi. Na kuna hii ambayo watu wa gesi hamuijui, kabla hujainjika sufuria kwenye kuni paka sabuni ya kipande nje yake chini na pembeni. Masizi yanakaa juu ya sabuni siyo juu ya sufuria, ukimaliza kupika yanaondoka na maji tu.

Ila sufuria za alumini msizilowekee magadi wala bekingi soda, zinageuka nyeusi ndani, mimi niliharibu moja ya mama nikidhani naisaidia. Ikawa nyeusi tii. Iliyokuja kuiokoa ni maganda ya ndimu, chemsha na maji humo humo robo saa weusi unatoka.

Halafu hayo mafuta ya nazi huku kwetu asubuhi ni jiwe kabisa unachimba na kijiko, yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mtu wa nyanda za juu akiona yameganda asidhani yameharibika.

Bi_Mrehani
Asalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote ila lililonishtua ni hilo la ndimu usoni kwa mtoto, Mama Wawili mkataze leo leo. Mimi wa Unguja na nakupa lililonikuta mwenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa twatengeneza achari ya ndimu, kilo nyingi, nikakaa uani tangu asubuhi nakata na kukamua, jua la saa tano linanipiga mikononi na ndimu inanitiririka mpaka kwenye viwiko. Usiku mikono ikaanza kuwaka, kesho yake malengelenge kama nimemwagikiwa na mafuta ya moto, yalipokauka yakaacha madoa meusi yaliyonikaa miezi. Hospitali wakaniambia ni maji ya ndimu na jua vikikutana kwenye ngozi. Mie mtu mzima tena mikononi, sasa huyo binti usoni? Akipaka usiku asinawe vizuri, asubuhi anakwenda shule kwa mguu juani.

Ndimu na ukwaju kazi yake ipo. Mdila wangu wa kahawa wa shaba na sinia la marehemu mama nasafisha kwa ukwaju mbivu na chumvi, nasugua kwa vidole tu hata kitambaa sitaki, nasuuza na kukausha pale pale. Inarudi kama dhahabu.

Usoni sisi twapaka liwa, ule mti wa kunukia. Kijiti unasugua kwenye jiwe na maji kidogo, unapaka, ikikauka unanawa. Haichubui wala haimgeuzi mtu rangi, inapoza ngozi na inanukia. Lakini sikuambii inaponya chunusi maana sikuona ikiponya.

Meru_Kwetu
Bi Mrehani pole sana. Na mie niingize la meno maana huku ndo tunaumizwa nalo. Watu wengi tuliokunywa maji ya huku Meru na Arusha tangu utotoni tuna meno ya kahawia, ni floraidi nyingi kwenye maji. Vijana wanasugua mkaa uliosagwa, wengine chumvi na ndimu, wengine magadi, kila siku, wakidhani ni uchafu. Ile rangi iko ndani ya jino lenyewe, iliingia jino likiwa bado linajitengeneza, huwezi kuisugua ikatoka. Unachokwangua ni ile ngozi ngumu ya jino na ikiisha haioti tena, na ndimu ndo inailainisha zaidi ili mkaa uimalize vizuri. Mdogo wangu sasa hawezi kunywa maji ya baridi. Aliye na shida hii amwone daktari wa meno, na nyie wenye watoto wadogo ulizieni maji yenu kabla ya kuulizia mkaa.

Kaka_Sabasaba
Mi sikubaliani na kuidharau siki. Bibi yangu alikuwa anafutia siki kila mahali mpaka ubao wa kukatia nyama na hatukuugua. Kwanini tununue jiki? Au changanya vyote ipate nguvu.

NesiWaZamu
Kaka USICHANGANYE. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimempokea mtu zamu ya usiku amekuja anakohoa hawezi kuvuta pumzi, alikuwa anaosha choo kidogo kisicho na dirisha akamwaga jiki kisha akaongeza dawa nyingine ya choo yenye asidi ili pang'ae. Jiki ikikutana na asidi yoyote, iwe siki, iwe ndimu, inatoa gesi ya klorini, na hiyo inachoma mapafu. Yule alipona lakini alilazwa. Ukitumia jiki itumie na maji peke yake, madirisha wazi, na chombo ulichotilia siki kisuuze kwanza.

Kuhusu ubao, siki inapunguza vijidudu kiasi lakini siyo dawa ya kuulia vijidudu ya kuaminika. Ubao uliokatia kuku mbichi osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, anika juani ukauke kabisa. Nyumba yenye mgonjwa wa kuhara au kipindupindu hapo siki weka pembeni, tumia klorini kama mtakavyoelekezwa kituoni. Sehemu siki inaposhinda ni sisimizi, ukifuta njia yao inaua ile harufu wanayofuatana nayo, na harufu ya vitunguu kwenye vyombo vya plastiki.

Kwa binti: anawe uso mara mbili kwa siku na sabuni laini, asikamue, na mafuta ya nazi asipake usoni kabisa maana yanaziba vinyweleo na chunusi zinaongezeka, hayo apake nywele na miguu. Zikizidi famasia kuna krimu za chunusi zenye benzoili peroksaidi, aanze na kidogo. Bekingi soda kwapani inazima harufu kweli ila ngozi yetu ina asidi kidogo kwa asili na hii ni alkali, nimeona wengi wanapata vipele na kuwashwa hasa waliotoka kunyoa. Bora shabu, lile jiwe jeupe la sokoni, aoge, alowanishe, apitishe kwapani, aache likauke. Jasho litatoka, harufu haitakuwepo.

MamaWawili_Tegeta
Wapendwa nimerudi baada ya wiki mbili kama nilivyoahidi moyoni. Birika: siki nusu kwa nusu, saa moja, magamba yametoka vipande vipande nikaona chuma chenyewe nilichokuwa nimekisahau, sasa nafanya kila mwisho wa mwezi. Nilijaribu na ndimu mbili kwenye lile dogo la mama, nalo limetoka, ila ilibidi nirudie mara mbili, kwa hiyo msimu ndimu zikiwa bei juu siki ndo rahisi. Jiko: uji wa bekingi soda umetoa karibu yote isipokuwa ile pete ya chini ya plate iliyoungua zamani, hiyo nimepaka mara tatu ndo imelegea. Friji nimeweka kikombe cha bekingi soda upande mmoja na vipande vya mkaa upande mwingine, samaki haisikiki, sijui kipi kimefanya kazi zaidi ila mkaa ninao bure.

Binti ndimu ameacha, nilimsomesha ujumbe wa Bi Mrehani yeye mwenyewe kwa sauti akanyamaza. Shabu ameipenda sana hata baba yake anaiiba. Chunusi bado zipo ila hazijawa mbaya.

Bi Mrehani, liwa nimeitafuta Kariakoo nimepewa unga kwenye kimfuko, nikilowesha unanuka pafyumu tu na mikono inabaki na rangi. Ndo yenyewe?

Bi_Mrehani
Siyo mwanangu. Unga usinunue, huwezi kujua wametia nini. Tafuta kijiti kizima, kikwaruze kwa kucha unuse pale pale dukani, kikinukia ndani ya mti wenyewe chukua. Kipande cha urefu wa kidole kitakukaa mwaka. Jiwe kama huna, hata mgongo wa kigae kisichopakwa rangi unasugulia.

MamaWawili_Tegeta
Jumamosi narudi sokoni, nakwenda na binti anuse mwenyewe.