Pesa za Saudia: ni ndoto ya nani inayokufa?

Ijumaa barazani kwetu Kisauni mzee mmoja alisema pesa za Saudia ndizo zinazolemaza vijana. Dada anapigika majikoni ya watu, kaka analala mpaka saa nne kisha anaamkia ujumbe wa M-Pesa. Wengi waliitikia. Mimi sikukubali, na nataka tulijadili.

Kaka wa aina hiyo wapo, sibishi. Lakini nafundisha kidato cha nne, na nina mwanafunzi ambaye karo yake ililipwa muhula kwa muhula na mama aliyeko Riyadh. Leo anasomea uhandisi. Bila riyali zile angekuwa makanga wa matatu tangu kidato cha pili. Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 4.9 zilizotumwa nchini mwaka 2024. Zaidi ya nusu zilitoka Marekani, ila huku Pwani wengi wetu tunasubiri simu ya Ghuba, na ikija huwa ni ya karo, dawa na unga.

Kinachoniuma ni kwamba tukitaja ndoto za vijana tunamhesabu anayepokea tu. Kwani anayetuma ni mzee? Nilimfundisha msichana aliyetaka uuguzi, na alama alikuwa nazo. Daftari lake la bayolojia, lenye mchoro wa moyo kwa kalamu nyekundu na buluu, sasa analisomea mdogo wake. Mwenyewe ni kadama, yaani mtumishi wa nyumbani, huko Jeddah kwa riyali 900, kama shilingi 31,000 kwa mwezi. Aliaga kwa miaka miwili, akusanye ada ya chuo. Huu ni wa tano. Kila akikaribia kufikisha, nyumbani kumezuka jambo: paa linavuja, mjomba kalazwa, mdogo kaitwa shule ya bweni. Hupiga simu usiku wa manane akinong'ona, wenye nyumba wakishalala.

Mzee ana haki katika jambo moja. Siku hizi wasichana wa kidato cha tatu wananiambia, "Mwalimu, kemia ya nini, mimi nangoja pasipoti." Wameona mabati mapya ya jirani. Ile miaka mitano hawajaiona, wala hakuna anayewasimulia, kwa sababu aliyerudi huona haya na aliyeko huko hataki mama yake alie.

Mimi nasema kabla binti hajapanda ndege, ukoo ukae kitako: kiasi fulani cha kila mshahara ni chake, kiwekwe kwenye akaunti yenye jina lake, na hata msiba usikiguse. Najua wapo watakaosema huo ni uchoyo, kwamba mtoto hana chake mbele ya wazazi. Waje waseme hapa.

Na nyinyi mnaotuma, mkisoma haya huko mliko: kwenye mshahara wa mwezi uliopita, mlibakiwa na shilingi ngapi zenu?