Wakuu msaada, wiki tatu sijapata hata lepe la usingizi

Macho Kodo: Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri maana nimefika mahali naogopa giza likianza kuingia. Wiki ya tatu hii silali kabisa, napanda kitandani saa nne usiku nageuka huku nageuka kule, saa nane nipo macho, saa kumi nipo macho, kukicha kichwa kizito kama nimebeba zege. Kahawa sinywi, madeni sina, mawazo sina. Dawa gani ya uhakika? Wenye kejeli pita kushoto

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Ni hiyo simu. Iache sebuleni, mnalala nayo kama mmefunga nayo ndoa.

Mzee wa Utani: Oa

Macho Kodo: Nimeoa mkuu, ndo anayekoroma pembeni hapa

fundi_saa: Mimi nilikesha miezi mitano nilipoachishwa kazi. Kilichonimaliza ni kuchungulia saa, "nikilala sasa hivi napata masaa manne", mara "sasa matatu", ile hesabu yenyewe ndo inakuamsha. Saa nikaigeuzia ukutani. Nikiona kama dakika 20 zimepita natoka kitandani nakaa gizani mpaka nisinzie ndo narudi, na asubuhi naamka muda uleule hata kama nimelala kiduchu. Wiki za mwanzo ni mateso, usidanganywe.

Sidanganyiki: Hii chai, tena ya jana. 1964 kijana wa Marekani anaitwa Randy Gardner alikaa siku 11 bila kulala ikawa rekodi, na kumbukumbu ilishaanza kumruka. Wewe siku 21 halafu unaandika na mikato umeweka? Mods futeni uzi

Macho Kodo: Sio chai bana. Sawa, nikitoka kazini huwa najikuta nimepitiwa kwenye kochi saa kumi na mbili mpaka saa mbili hivi. Ila ule sio usingizi, ni uchovu

fundi_saa: Hahaha. Umeshiba jioni halafu usiku unalalamika huna njaa.

Nesi Zamu ya Usiku: Hilo kochi haliwezi kuwa peke yake. Wiki tatu zilizopita kuna kitu ulikuwa unatumia ukaacha?

Macho Kodo: Dah. Diazepam, kidonge kimoja kila usiku kama miezi minne. Aliandikiwa mama. Ziliisha tu. Ila zilikuwa zinanisaidia jamani tusidanganyane, na kuna jamaa kashaniletea zingine, leo naanza na viwili nilale kwanza halafu nitapunguza mwenyewe taratibu

Nesi Zamu ya Usiku: Usiguse hivyo viwili. Hizo dawa mwili unazizoea, ukizikata ghafla usingizi unakimbia kuliko mwanzo, na wapo wanaoishia kupata degedege. Kesho nenda kwa daktari umwambie miezi minne yote bila kuficha, yeye ndo apange namna ya kukushusha. Ukianza kutetemeka au kuona vitu usisubiri kesho. Pombe usisogelee. Na umuulize tiba ya kubadili mazoea ya kulala, kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu hiyo ndo inatangulia kabla ya vidonge, alichofanya fundi_saa ni kipande chake.

Bi Mkubwa: Na simu aache.

Sidanganyiki: Narudisha neno chai. Ila swali, hiyo miezi minne mama yako alikuwa anatumia nini?

Macho Kodo: Mkuu mama nae analalamika halali. Nilimwambia apunguze kahawa