Ulijua lini kuwa rangi yako si ya ndugu zako? Tupeane uzoefu

Bint Ngamiani
Wanajamvi, salaam. Jambo hili nimelikalia muda mrefu, leo naliweka hapa, na wenye lao walilete.

Kwetu Tanga tumezaliwa watano, baba mmoja mama mmoja. Baba na mama ni watoto wa ukoo ule ule, Waarabu waliozaliana na watu wa bara na wa pwani tangu enzi za mababu. Wenzangu wanne wametoka maji ya kunde, nywele za singa. Mimi nimetoka mweusi, nywele za kipilipili. Mtoto mchanga huwa na wekundu, kwa hiyo wazee wakitaka kujua rangi yake ya ukubwani humtazama ncha za masikio. Shangazi aliponigeuza sikio alisema, "Ah, huyu kamtokea bibi yule," kisha akaniweka chini. Mama hajasahau mpaka leo jinsi nilivyowekwa chini.

Wiki ya harusi yangu somo alinisugua singo asubuhi na jioni. Singo ni kitu kizuri, inanukia mawaridi na liwa, ikikaukia mwilini inasuguliwa inatoka na taka zote. Siku ya tatu alikazana na shingo mpaka ikachubuka, na shangazi akawa mlangoni anasema, "Sugua, sugua, labda utapungua." Chumba kizima kikacheka. Nilikuwa na miaka 23, nina kazi yangu na mchumba aliyenipenda hivi hivi nilivyo, nikalia kama mtoto.

Kinachonisumbua ni kwamba kwa hesabu za wazee wetu rangi haikutakiwa kuwa hoja. Nasaba hufuata baba. Mtoto wa suria, yaani mtumwa mwanamke aliyezaa na bwana wake, baba akimkubali, ni huru na anarithi pamoja na wenzake. Sultani Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, Unguja ilitawaliwa na mwanawe Majid, halafu Barghash, wote watoto wa masuria, na mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikuwa mweusi, akajihesabu Mwarabu na watu wakamhesabu hivyo. Haya maneno ya chumba cha harusi yametoka wapi basi?

Nadhani yametoka humo humo. Nasaba ilimbeba baba, mama akaachwa nje. "Bibi yule" nimemsikia maisha yangu yote na sijawahi kusikia jina lake. Weusi wangu ndio kitu pekee cha kwake kilichobaki nyumbani, na ndicho walichotaka kukisugua.

Mtoto wa Muttrah
Dada yangu, pole sana. Niko Muscat. Wazee wangu walitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, wakaingia Oman Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na wenye asili ya huku wakakaribishwa. Unguja baba aliitwa Mmanga, yaani Mwarabu wa Oman. Huku akaitwa Zinjibari, na halikuwa jina la heshima. Nyumbani tunasema Kiswahili hadi leo, wajukuu nao wanakisikia.

Nilipoposa mara ya kwanza nilikataliwa. Hawakutaja rangi, walisema kafaa, yaani hatulingani. Mzee wa upande wa binti aliuliza kwa upole kabisa, "Bibi yako mzaa baba ni binti wa nani?" Nikakosa jibu. Kwetu sebuleni pana shajara ya ukoo, vizazi kumi na kimoja, imetiwa fremu. Usiku ule niliisoma yote kwa kidole, jina baada ya jina. Hamna mwanamke hata mmoja.

Machakos kwa Mama
Yangu ni fupi. Mama Mkamba, baba Mwingereza aliyeondoka nikiwa na miaka miwili. Mtaani naitwa pointi, yaani chotara, nimezoea. Ila nilipoenda kuchukua kitambulisho karani aliniuliza kabila, nikamwambia Mkamba, na nikamwambia kwa Kikamba. Akanitazama, akaweka kalamu chini: "Nauliza la baba." Nililelewa na mama na nyanya, jina la huyo baba hata kuliandika vizuri sijui.

Nguba, Bukavu
Mumenikumbusha bibi yangu mzaa mama. Alikuwa metisi, yaani chotara, baba yake Mbelgiji, mama yake Mshi wa Kabare. Alichukuliwa akiwa na miaka minne hivi. Hakuwa yatima! Mama yake alikuwa mzima na alimtaka. Serikali ya koloni ndiyo haikutaka watoto wa namna hiyo wakulie kwa mama zao weusi, kwa hiyo walikusanywa wakapelekwa kwa masista, mbali makusudi. Wengine walibadilishwa majina na tarehe za kuzaliwa.

Bibi alitoka kule na Kifaransa, sala, na kushona. Mashi ilikuwa imemtoka yote isipokuwa neno moja, lile ambalo mama yake alikuwa akimwita, na hakujua maana yake. Nilikuwa darasa la tano tulipompeleka Kabare. Akalitamka sokoni mbele ya mama mmoja anayeuza mihogo. Yule mama akacheka vizuri tu, akasema ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya mvua. Bibi akakaa chini pale pale kwenye gunia, hakutaka kuondoka mpaka jua likazama.

Mwezi wa Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha bungeni. Msamaha haukutosha, na wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa misheni ya Katende, Kasai, wakaishtaki serikali ile. Walishindwa mwanzoni. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kuwa lile lilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, kila mmoja alipwe euro 50,000. Wakati huo bibi alikuwa ameshafariki. Niliisoma hukumu kwa sauti mbele ya picha yake.

Muuza Zamani Kariakoo
Niliuza vipodozi miaka sita, na mkorogo, dawa ya kujichubua ngozi, ndio uliolipa kodi ya fremu. Wateja walikuja uso kama chungwa, viungo vya vidole vimebaki vyeusi, na masikio pia, maana hapo dawa haishiki. Tulijua zebaki inaharibu figo. Niliacha siku mama mmoja alipoomba ya mwanawe anayekwenda kidato cha kwanza, "asije akateswa shuleni." Mtoto alikuwa amesimama hapo hapo ameshika mkono wa mama yake, ananitazama mimi. Nilimwambia imekwisha. Ilikuwepo, katoni tatu.

Bint Ngamiani
Nimesoma kila mmoja wenu, na wa Bukavu umeniliza.

Nikasoma tena maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, alivyoyaandika Shaaban Robert, mtu wa kwetu Tanga. Siti alikuwa binti wa shamba kutoka Fumba. Wabaya wake walimwimba kuwa alikuja mjini na kaniki, na kama si sauti angekula nini. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa, kila aliyesikia alielewa anaambiwa nini. Naye akajibu kwa wimbo kuwa sura nzuri si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi, na sauti ile ipo mpaka leo.

Baada ya maneno ya kaka wa Muttrah nilikwenda Pangani kwa mzee mmoja wa ukoo, haoni tena, nikamuuliza jina la bibi yule. Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Faida. Aliitwa Faida." Watumwa walipewa majina ya namna hiyo. Nimeliandika kwenye msahafu wangu, ukurasa wa mwanzo, juu ya jina la babu.

Mwanangu wa kwanza amezaliwa mwezi wa Rajabu. Shangazi alikuja siku ya pili, akanawa mikono, akakaa kitandani, akapeleka kidole kwenye sikio la mtoto. Nikamfunika kanga.