Mrejesho: baiskeli iliyokuwa ikiruka gia

Ndugu zangu, habari za siku. Ni mimi wa Tororo niliyeomba msaada kuhusu baiskeli kuukuu ya marehemu baba: nikikanyaga kwa nguvu mlimani cheni inaruka, na gia nikibadilisha inachelewa au inajirudia yenyewe.

Nilifuata ushauri wa kupima cheni kwa rula. Vipande 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili. Yangu ilizidi kwa zaidi ya moja ya nane ya inchi! Fundi mmoja hapa mjini alikuwa ameshaniuzia cheni mpya tu, nikaifunga, ikaruka vibaya kuliko ile ya zamani. Kumbe meno ya gia za nyuma yalishalika, yamechongoka na kulala upande mmoja, na gia mbili ndogo ndizo zilizoumia zaidi. Cheni mpya haikai kwenye meno ya namna hiyo. Nikarudisha ile ya zamani nikisubiri gia za nyuma. Nilipozipata nilizifunga pamoja na cheni mpya, na kuruka kukakoma siku hiyohiyo.

Kuchelewa kulibaki. Nikachomoa waya wa gia: kutu tupu, na ndani ya ganda lake vumbi jekundu limeganda na grisi. Nimebadilisha waya na ganda lake, nikakaza skrubu ya kurekebishia waya, robo mzunguko kila mara.

Jana nimepanda na gunia la mahindi nyuma. Kimya kabisa. Asanteni sana, Mungu awabariki.