Mrejesho: Tipu kwa wapagazi wa Kilimanjaro

Wakuu, tumeshashuka, niko Moshi. Niliuliza kama na sisi Watanzania tunaopanda kwa njia ya Machame tunapaswa kuwapa wapagazi tipu, na kama ni sawa kumkabidhi kiongozi mkuu hela yote akagawe.

Tulifuata ushauri wa wengi wenu: kila mtu bahasha yake, mkononi mwake. Tulifanya hivyo geti la Mweka, tulikotokea baada ya kushuka, kabla hawajatawanyika, tukataja kwa sauti viongozi wanapata kiasi gani, mpishi kiasi gani, wapagazi kiasi gani. Kijana aliyetubebea choo cha kuhamishika alihesabu zake mara mbili, akaniambia, "Kaka, leo nimejua cha kwangu ni kipi."

Na wanastahili jamani. Mzigo wa mpagazi kikomo ni kilo 20, lakini kupanda nao ukuta wa Barranco, mkono umeshika mwamba, ni shughuli pevu. Ila tipu isigeuzwe mshahara: kabla hujalipia safari, iulize kampuni inawalipa shilingi ngapi kwa siku.

Asante sana kwa aliyesema nichenji noti ndogondogo mapema mjini. Zilitusaidia mno pale getini.