Kuhesabu kipanga na tai wanaorudi kaskazini, kwa hapa Dodoma tupande kilima gani?

MtotoWaNzuguni:
Wakuu habari za humu. Kuna ndugu yetu yuko Marekani, Pennsylvania, kila Aprili ananitumia picha wamepanda mlima mmoja unaitwa Hawk Mountain wamekaa juu ya mawe wanahesabu kipanga na tai wanaopita kwenda kaskazini, yaani mtu anabeba chai yake anashinda kule kutwa shingo juu, na kila saa wanaandika wamepita wangapi, anasema hiyo hesabu ilianza tangu 1934. Sasa na mimi hapa kwetu kuanzia Machi mvua zikielekea kukata huwa naona makundi juu kabisa, kuanzia saa nne asubuhi hivi, wanazunguka wee halafu wanateleza kuelekea kaskazini wanapotea. Hivi tukipanda kilima kama Lion Rock tunaweza kuhesabu kitu kikaeleweka? Na wale ni ndege gani hasa, maana kwa bibi yangu kila chenye kucha ni mwewe mwizi wa vifaranga. Darubini ninayo, ya kawaida tu.

Kereng'ende:
Mkuu inawezekana ila namba za wenzetu usizitegemee. Ndege wakubwa wa mbawa pana hawapendi kupiga mbawa safari nzima, wanategemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, wanapanda nayo wakizunguka kama majivu juu ya moto, wakifika juu wanateleza kilometa kadhaa wanatafuta nyingine. Baharini hewa hiyo hakuna ya maana, ndo maana wote wanabanwa kwenye njia chache za nchi kavu kama Eilat kule Israeli, au Batumi nchini Georgia ambako vuli moja wanahesabu zaidi ya milioni. Dodoma hatuna pa kuwabana, anga ni pana wanapita popote, leo juu ya Hombolo kesho juu ya Chamwino.

Kuhusu ni nani: tai mkubwa wa kahawia ambaye akiwa kijana ana mstari mpana mweupe chini ya bawa, yule ni tai wa nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, siku hizi yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Mwenye umbo kama lake lakini mdogo zaidi, mara nyingi ni kipanga mla panya wa hukohuko Urusi. Na ukiona wadogo wengi wenye mbawa za kuchongoka, hao ni kozi wa Amur, dume wa kijivu cheusi ila ndani ya bawa mbele ni mweupe kabisa, miguu kama kapakwa rangi nyekundu. Kale kadude hakafiki gramu 200 na kanatoka Siberia na kaskazini mwa China, kanapitia India halafu kanavuka bahari zaidi ya kilometa 3,000 bila kutua!! Ukikuta pia korongo weupe kwenye mzunguko usishangae, nao njia yao ni moja, ila usiwaingize kwenye hesabu.

MamaMtama_Bahi:
Mi sikubaliani na habari ya kilima. Hao kozi huwapati mlimani, njoo huku Bahi mvua ikishanyesha na kumbikumbi wametoka, utawakuta wamejipanga kwenye nyaya za umeme unahesabu ukiwa umekaa kwenye bodaboda. Na sisi wakulima tunawapenda maana wanakula panzi, na hao kipanga wengine wanakula kwelea kwelea wanaotumalizia mtama na uwele. Kinachoniuma ni eropleni ile ikija kumwagia dawa kwelea kwelea jioni, asubuhi kipanga wanakuja kuokota waliolewa dawa, nao wanakufa. Hilo nalo mtu alihesabu jamani.

Kereng'ende:
@MamaMtama_Bahi mama hilo la dawa ni kweli tupu, ile fenthion haichagui. Ila kozi aliyekaa kwenye waya ni wa kumhesabu mara ngapi? Ataruka atarudi palepale, utamhesabu mpaka ulale. Kilima kinakusaidia kumhesabu anayepita tu.

Ngoma_ya_Kilimatinde:
Mleta mada Lion Rock ni pazuri kwa mazoezi ila ukitaka ndege njoo huku ukingo wa Bonde la Ufa, Kilimatinde. Upepo wa mashariki ukigonga ule ukuta unapanda juu, tai wanaupanda bure, wengine wanapita usawa wa macho yako kabisa unaona mpaka anavyogeuza mkia.

Namna ya kuhesabu: usihesabu wakiwa wanazunguka, utachanganyikiwa. Subiri waanze kutoka juu kwa mstari mmoja mmoja kuteleza, hapo bonyeza kale kamashine ka kuhesabia. Wakiwa wengi hesabu kumi uone ukubwa wake halafu pima kwa makumi. Chora mstari wa kichwani kuanzia mashariki hadi magharibi, anayeuvuka kwenda kaskazini jumlisha, anayerudi kusini toa, ndo mwewe na kipungu wa hapahapa wasikuharibie. Mawingu meupe ni rafiki yako, anga la bluu tupu hata tai humuoni. Na darubini usiipitishe kwenye jua, macho hayana spea. Andika saa, upepo, mawingu, hata saa ambayo hakijapita kitu andika sifuri, halafu mwakani panda palepale saa zilezile. Hesabu weka eBird, ule mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege.

kipusa_wa_Area_C:
Wote mmesahau kitu kimoja, hapa ni makao makuu ya nchi. Mtu kakaa juu ya kilima na darubini siku nzima anaandika kwenye daftari?? Pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa.

MtotoWaNzuguni:
Hahaha kipusa hilo sikuliwaza kabisa. Asanteni wakuu, na mama wa Bahi shikamoo, nitakuja na huko. Nitaanza Lion Rock kwanza nauli ya Kilimatinde ikisubiri mwisho wa mwezi. Sasa mwenyekiti nimwendee kwa mdomo au anataka barua?

kipusa_wa_Area_C:
Barua, nakala mbili. Moja akugongee muhuri ukae nayo mfukoni hukohuko juu.