Bolti za suspensheni ya mbele, gari la kale: unakaza likiwa jekini au likiwa limetua?

Spitfire_Mwekundu:
Wakuu, salaam. Nina Triumph Spitfire, nimefumua mbele yote na kuweka bushi mpya za raba kwenye mikono ya juu na ya chini. Kwenye kukaza, kila fundi ninayemuuliza ana njia yake.
1. Kaza kila kitu gari likiwa kwenye stendi, magurudumu yananing'inia. Nafasi tele, spana inazunguka.
2. Funga kwa mkono tu, shusha gari likalie tairi, ndipo ukaze.
3. Liache kwenye stendi, jeki nyingine iinue mkono wa chini mpaka kimo cha kawaida, kisha ukaze.

Halafu nina seti mbili za bolti: za chuma kisichoshika kutu, zinang'aa kweli, na za kawaida zenye mistari mitatu kichwani. Naomba sababu, sio mazoea.

BushiKwanza:
Kwa raba, ya kwanza futa. Bushi hiyo haizunguki kama beringi. Raba imegandishwa kwenye kibomba cha chuma cha ndani, na bolti ikikazwa kibomba kinabanwa na breketi kisisogee tena. Kuanzia hapo mkono ukipanda au kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Ukikaza magurudumu yakining'inia, maana yake raba imepumzika mahali ambapo gari halikai kamwe. Ukishusha tu, tayari imesokoteka, na shimo likija inasokoteka zaidi. Itachanika mapema, na pua ya gari itakaa juu kidogo ukadhani springi ndiyo mbaya.

MzeeRacheti:
Vijana mnapenda nadharia. Mimi nakaza jekini miaka yote na bushi zangu hazichaniki.

BushiKwanza:
Mzee wangu, shikamoo. Bushi zako ni raba au zile ngumu za rangi rangi?

MzeeRacheti:
Marahaba. Ni poliyurethani, za bluu.

BushiKwanza:
Basi uko sahihi kwa gari lako. Poliyurethani haikugandishwa kwenye kibomba, inateleza juu yake ikiwa na girisi, kwa hiyo popote utakapokaza ni sawa. Mwenzetu ana raba.

DadaGirisi:
Naongezea: Spitfire lina aina zote mbili, iliyogandishwa na inayozunguka, kwenye mkono mmoja wa chini. Ncha ya ndani, upande wa chasi, ni raba iliyogandishwa, hiyo ingoje gari litue. Ncha ya nje chini, kwenye tranioni (kiungo chenye nyuzi ambacho gurudumu hugeukia likikata kona), kuna bushi za nailoni na kibomba cha chuma kinachozunguka ndani yake. Hiyo huna haja ya kuingojea.

Ukiwa hapo, tranioni yenyewe usiikaze kama nati! Inazungushwa hadi mwisho, kisha inarudishwa kidogo ili gurudumu likate kona kulia na kushoto bila kugonga mwisho wa nyuzi. Nyuzi za kulia na kushoto zinapingana, usizichanganye. Na ni oili nzito ya gia inayoingia humo, sio girisi.

Njia ya tatu nafanya pale spana isipofika kwa chini, ila Spitfire ni jepesi. Jeki inaweza kuinua gari likaachana na stendi kabla springi haijabonyea vya kutosha. Pima kabla ya kufumua: kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, ndicho kimo unachokirudia. Mimi napendelea ya pili, tairi zikiwa juu ya mbao pana na imara ili upate nafasi. Ukishashusha, lisukume mbele na nyuma kidogo, maana tairi hushika chini na kuzuia gari kutua sawasawa.

NatiNaWasha:
Za kung'aa weka kwenye bampa. Bolti ya kawaida isiyoshika kutu, ile ya gredi A2-70, huanza kuvutika bila kurudi kwenye megapaskali 450 hivi (kipimo cha mkazo), ya chuma cha kawaida ya gredi 8.8 hufika 640. Tena nyuzi zake hupenda kung'ang'aniana wakati wa kukaza. Zile za mistari mitatu ni gredi 5 ya inchi, nguvu yake inakaribia 8.8. Nyuzi za gari lako ni UNF, yaani nyuzi laini za inchi, bolti ya milimita usiilazimishe. Na hakikisha sehemu laini ya bolti ndiyo inayokaa ndani ya breketi, sio nyuzi.

Kitabu chako kinaandika toki, yaani nguvu ya kukazia, kwa pauni-futi. Moja ni Nm (njutani-mita) 1.356, kwa hiyo 40 ni Nm 54. Ukisoma 40 ukaweka Nm 40, umepunguza zaidi ya robo. Kibomba kitazunguka kwenye bolti na kuila: ukiichomoa utakuta pete inayong'aa na vumbi la kahawia. Kama toki imetolewa kwa nyuzi kavu, usipake mafuta ukaacha namba ileile, utavuta bolti kupita kiasi.

Kuzuia kulegea: nati ya nailoni mpya kila mara, nyuzi zitokeze nje ya nailoni. Nati yenye mapengo, ukifika kwenye toki na tundu la bolti halijakutana na pengo, kaza mbele kidogo hadi spliti pini ipite. Kamwe usirudishe nyuma. Washa ya springi peke yake siiamini. Mjerumani Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba mtikisiko wa kuvuta ubavuni ndio unaofungua nati, na washa hiyo haisaidii kitu.

Spitfire_Mwekundu:
Nimeelewa, njia ya pili na bolti za mistari mitatu. Nikishaendesha kidogo nikaze tena?

NatiNaWasha:
Pitisha spana ya toki kwenye namba ileile, gari likiwa limetua. Zile za spliti pini ziangalie kwa macho tu.

MzeeRacheti:
Na pini ikunje pande zote mbili, isije ikachana bomba la breki.